Kichomeo cha Gesi Kinapokataa Kuwaka: Ushauri kwa Mkaangaji wa Kahawa wa Msowero na Kilosa

Mashine ya kukaangia kahawa inayotumia gesi ina pipa la chuma linalozunguka, feni inayovuta moshi na makapi, na chini ya pipa hilo kichomeo, yaani bomba au safu ya mabomba yenye matundu ambamo gesi iliyokwisha kuchanganyika na hewa hutoka na kuwaka. Kichomeo hicho kinapokataa kuwaka, wenye mashine wengi hukihesabu kuwa kimekufa na kuanza kuulizia kipuri, ingawa kipuri huwa ndicho kitu cha mwisho kuhitajika. Tofauti na jiko la nyumbani ambalo mpishi hulifungulia gesi na kulitia kiberiti, kichomeo cha mashine huwashwa na kisanduku cha umeme kinachoiuliza kila sehemu kama iko tayari: feni inazunguka? hewa inapita? joto limevuka mpaka? gesi ipo ya kutosha? Sehemu moja ikijibu hapana, kisanduku hakitoi gesi. Mashine isiyowaka, kwa sehemu kubwa, ni mashine inayotii amri iliyopewa na walioiunda, na kazi ya anayetafuta hitilafu ni kujua ni sehemu ipi iliyosema hapana.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa anayeweka mashine ya namna hiyo Msowero, kata ya wilaya ya Kilosa iliyo upande wa barabara ya Dumila. Tambarare ya Kilosa ni nchi ya mahindi, mpunga, ufuta na mkonge, na kahawa ya arabika, ambayo hupenda ubaridi wa milimani, huletwa huko kutoka kwingine: kutoka miinuko ya mkoa wenyewe wa Morogoro, au kwa malori yanayoteremka kutoka Mbeya na Mbozi kwa barabara kuu ya Zambia na kupitia Mikumi. Buni kwa hiyo hupatikana, na mnywaji hakosekani, ila fundi aliyezoea mashine za kahawa huwa yuko Dar es Salaam, Arusha au Moshi, na kumwita kwa ajili ya bomba lililozibwa na makapi ni gharama inayomeza faida ya magunia kadhaa. Mkaangaji wa kahawa chungu anayetumia kikaango na jiko la mkaa hana tatizo hili, kwa kuwa moto wake anauona kwa macho. Mwenye mashine amefichiwa moto wake ndani ya chuma, naye hana budi kujifunza kuusoma kwa sauti, kwa harufu na kwa hesabu ya sekunde.

Kabla ya uchunguzi wowote lipo jambo la usalama lisilopaswa kurukwa. Gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propeni na buteni, ni nzito kuliko hewa, propeni kwa takriban mara moja na nusu na buteni kwa takriban mara mbili, na kwa sababu hiyo ikivuja haipandi juu na kutokea dirishani bali hutambaa sakafuni na kujaa mahali palipo chini. Hewa yenye gesi hiyo kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 10 hivi hushika moto kwa cheche moja. Kila jaribio la kuwasha lililoshindikana huweza kuacha gesi kidogo ndani ya chumba cha moto, na majaribio matano ya haraka haraka huacha ya kutosha kurusha mlango wa mashine. Baada ya majaribio mawili yaliyoshindwa, vali ya mtungi ifungwe, milango ifunguliwe, feni ya mashine iachwe ivute kwa dakika tano ikiwa hakuna harufu ya gesi chumbani, na mtu asubiri. Harufu ikiwapo, ile kali ya kitu kilichooza ambayo huongezwa makusudi kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, swichi yoyote isiguswe, ya kuwasha wala ya kuzima, watu watoke nje, na hali ikizidi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe kwa namba 114. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni lililopakwa kwenye maungio, na anayeutafuta kwa njiti ya kiberiti anaweza asipate nafasi ya kusimulia alichokiona.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi wenyewe ni kusimama kimya mbele ya mashine na kubonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, huku masikio yakifanya kazi. Katika mashine yenye kisanduku cha umeme mfululizo ni ule ule, hata kama muda wa kila hatua hutofautiana kwa mtengenezaji: feni huanza kuvuma, kisha hupita muda wa kusafisha chumba cha moto kwa hewa, unaoweza kufika nusu dakika, halafu husikika mlio wa cheche, tiki-tiki-tiki, halafu mlio mmoja mzito wa vali ya umeme inayofunguka, halafu sauti laini ya gesi kushika moto, na mwisho cheche hunyamaza na moto hubaki. Pale mfululizo unapokatikia ndipo penye neno. Feni ikivuma na baada yake pasisikike chochote, tatizo liko upande wa hewa au wa kipima joto cha tahadhari. Cheche ikilia bila vali kufunguka, umeme wa vali utazamwe. Vali ikifunguka na cheche ikilia lakini moto usishike, gesi haifiki au haifiki kwa kiasi, ama cheche iko mahali pasipofaa. Moto ukishika kisha ukazimika baada ya sekunde chache, taa nyekundu ikawaka na kisanduku kikajifunga, basi moto ulikuwapo ila mashine haikuuona. Mkaangaji aliyeandika daftarini mlolongo huu na sekunde zake siku mashine ilipokuwa nzima ana kitu cha kulinganishia, na daftari hilo lina thamani kuliko kitabu cha mtengenezaji ambacho mara nyingi hufika kikiwa kwa lugha isiyosomeka na yeyote kijijini.

Upande wa gesi ndio unaostahili kuanza kukaguliwa, kwa sababu hauhitaji kufungua kitu. Mtungi upimwe kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umechongwa au kuandikwa kwenye mtungi wenyewe, na kinachozidi hapo ndiyo gesi. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inawataka wauzaji wa gesi wawe na mizani dukani, na mnunuzi ana haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yake kabla ya kulipa. Vali ya mtungi ifunguliwe polepole, kwa maana regulata nyingi, yaani kifaa kinachoshusha mgandamizo wa gesi kutoka ule mkubwa wa mtungini hadi ule mdogo unaohitajiwa na kichomeo, zina kizuizi kinachojifunga gesi inapokwenda kwa kasi isiyo ya kawaida, na anayefungua vali kwa pupa hukifunga mwenyewe kisha akadhani mtungi ni mtupu.

Mtego mkubwa zaidi ni ule wa mtungi wenye gesi isiyotoka kwa kasi inayotakiwa. Gesi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, nacho huchemka na kuwa mvuke kwa kuchukua joto kutoka kwenye kuta za mtungi. Kilo moja ya gesi hiyo ina nishati ya takriban kilowati-saa 13, kwa hiyo kichomeo cha kilowati 20 kikifunguliwa chote hula karibu kilo moja na nusu kwa saa. Mtungi wa kilo 15 kwa hesabu ya karatasi ungetosha saa kumi. Kwa hesabu ya kazi hautoshi, kwa kuwa kadiri kimiminika kinavyopungua ndivyo eneo la ukuta linalokipa joto linavyopungua, mtungi hupoa, mchemko hulegea na mgandamizo hushuka wakati bado kuna kilo kadhaa ndani. Dalili yake haifichiki: mashine huwaka vizuri kwa mkaango wa kwanza wa asubuhi, husuasua kwa wa pili, na kwa wa tatu hukataa kabisa; mtu akiupapasa mtungi kwa kiganja atakuta sehemu ya juu ni ya kawaida na sehemu ya chini imetoka jasho la baridi, mstari wa jasho hilo ukionyesha kimiminika kimefikia wapi. Asubuhi za Juni na Julai hali huwahi zaidi. Dawa ni mtungi mkubwa wa kilo 38, au mitungi miwili iliyounganishwa kwa kiungo maalumu ili kila mmoja ubebe nusu ya mzigo. Kumwagia mtungi maji yanayochemka au kuusogezea makaa ni hatari iliyo wazi. Kuulaza ubavu nako ni hatari, japo haionekani upesi, kwa kuwa mtungi uliolala hutoa kimiminika badala ya mvuke, na tone moja la kimiminika hicho huwa mvuke wenye ujazo wa mamia ya matone.

Hapa wapo wanaojiridhisha kwa kuunganisha jiko la nyumbani kwenye mtungi ule ule, na likiwaka husema gesi ipo. Gesi ipo kweli, lakini jiko dogo huridhika na sehemu ndogo ya kile ambacho mashine hudai, na jaribio hilo halithibitishi lolote kuhusu mgandamizo chini ya mzigo. Jaribio la maana hufanywa kwa mpira mwembamba unaopenya mwanga, uliokunjwa mfano wa herufi U juu ya ubao wenye rula na kutiwa maji yenye rangi, mkono mmoja ukiunganishwa kwenye tundu la kupimia ambalo mashine nyingi huwa nalo karibu na vali, na mkono wa pili ukiachwa wazi. Milibari moja ya mgandamizo hutenganisha viwango vya maji kwa takriban milimita 10. Mashine iliyopangwa kwa milibari 30 itaonyesha tofauti ya sentimita 30 hivi, nayo isomwe mara mbili: kichomeo kikiwa kimezimwa, kisha wakati vali inafunguka. Maji yakisimama vizuri mwanzoni na kuporomoka mara vali inapofunguka, tatizo ni mtungi uliopoa, regulata ndogo kuliko kazi, au mpira mrefu na mwembamba uliotandazwa kutoka nje hadi ndani kama wa kumwagilia bustani. Kipimo hiki kinafaa kwa mgandamizo mdogo peke yake. Kwenye regulata ya mgandamizo mkubwa, ile yenye usukani wa kuzungusha wanayoitumia mama lishe kwa majiko makubwa, maji yatarushwa hadi darini na gesi nyuma yake.

Mpira wenyewe huzeeka. Gesi hulainisha baadhi ya viambato vya mpira wa hali duni na kuacha ute wa mafuta unaotiririka hadi kwenye regulata na vali, na fundi anayefungua maungio na kukuta ute mweusi unaonata hana haja ya kushangaa kwa nini vali inagoma.

Jambo jingine la upande wa gesi huwakuta walionunua mashine iliyotumika. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, inayofika baadhi ya viwanda na nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara kwa bomba, karibu yote ni metheni, na kwa ujazo ule ule ina nishati ndogo mara mbili na nusu hivi kuliko gesi ya mitungi. Mashine iliyopangwa kwa gesi asilia huwa na nozeli, yaani kitundu kinachopima gesi iingiayo kwenye kichomeo, iliyo pana zaidi, na ikifungiwa mtungi hukohoa, hutoa moto wa njano wenye masizi au hukataa kushika kwa kuwa gesi imezidi hewa. Iliyopangwa kwa mitungi ikifungiwa bomba la gesi asilia huwa na moto mfupi unaozimika. Kibao cha bati mgongoni mwa mashine husema ukweli: alama ya G20 ni gesi asilia, G30 na G31 ni buteni na propeni. Mashine iliyotoka nyanda za juu nayo ikaguliwe, kwa kuwa hewa ya Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya tambarare ya Kilosa, na mlango wa hewa wa kichomeo uliowekwa kwa ajili ya kule hautakuwa sawa huku. Kuongeza tundu la nozeli kwa sindano au msumari, tabia iliyoenea mno, huharibu kifaa kilichotobolewa kwa vipimo vya sehemu za milimita, na ni afadhali nozeli chafu kuliko nozeli iliyochokonolewa.

Baada ya gesi huja hewa, na hapa mashine ya kahawa hutofautiana na tanuri la mkate au jiko lolote. Mbegu ya kahawa inapokaangwa huvimba na kuvua ngozi yake nyembamba, na ngozi hizo, makapi mepesi kuliko pumba za mpunga, huvutwa na feni hadi kwenye pipa la kukusanyia, huku moshi wenye mafuta ukipanda dohani, yaani bomba la kutolea moshi, na kuacha lami kwenye kuta zake. Makapi yakijaa, lami ikinenepa, au ndege akijenga kiota kwenye kofia ya dohani, mvuto hupungua. Mashine nyingi zina swichi ya mgandamizo wa hewa, kidude cha duara chenye utando ndani na kimpira chembamba kinachokiunganisha na njia ya feni, ambacho kazi yake ni kuthibitisha kuwa hewa inavutwa kweli kabla gesi haijaruhusiwa. Mvuto ukiwa dhaifu utando hausogei, swichi haifungi, na mkaangaji husikia feni ikivuma dakika nzima bila cheche kufuata. Katika sababu zote za mashine ya kahawa kutowaka, hii ndiyo ya kushukiwa kwanza kwa mashine iliyofanya kazi miezi mingi bila kusafishwa.

Kimpira hicho chembamba kichomolewe na kupulizwa kwa mdomo kutoka upande wa swichi kwenda nje, wala kisipulizwe kuelekea kwenye swichi, kwa kuwa pumzi ya mtu mzima huweza kupasua utando. Kijijini lipo jambo ambalo vitabu vya watengenezaji wa Ulaya hulitaja kwa uchache: nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda tundu la ukubwa huo huo, na mashine iliyolala wiki tatu kusubiri buni hukutwa imezibwa kwa kijidongo kigumu chenye funza ndani. Buibui nao hutanda ndani ya koo la kichomeo, pale gesi inapokutana na hewa, na utando usioonekana kwa jicho la haraka hutosha kuvuruga mchanganyiko. Kurunzi na brashi laini ya chupa humaliza kazi hiyo kwa robo saa, na vitambaa vilivyofungwa kwenye midomo ya mabomba mashine inapopumzika huizuia isirudi, mradi vifunguliwe kabla ya kuwasha.

Hewa ikizidi nayo huleta shida. Feni ikiwekwa kwenye mvuto wa juu kabisa wakati wa kuwasha, mwali unaozaliwa hupeperushwa kutoka kwenye matundu kabla haujashika. Mwanya wa hewa upunguzwe hadi kiwango cha chini ambacho swichi bado hukubali, moto ukishika ndipo uongezwe.

Cheche hukaguliwa gizani. Gesi ikiwa imefungwa mtungini na chumba kimeshaingiziwa hewa safi, milango ya karakana hufungwa ili mwanga upungue, kitufe hubonyezwa, na jicho hutazama kwenye kidirisha cha mashine. Cheche nzima ni ya buluu, inaruka kutoka ncha ya elektrodi, ambayo ni waya mgumu uliovikwa kauri, hadi kwenye mwili wa kichomeo, pengo likiwa la milimita 3 hadi 4 hivi. Cheche ya njano iliyo dhaifu, au inayoruka kutoka ubavuni mwa kauri, huonyesha kuwa kauri imepasuka au imefunikwa na masizi yanayopitisha umeme. Kauri iliyopasuka haiungwi kwa gundi, hubadilishwa. Waya wa cheche unaogusa bati nao hupoteza nguvu njiani, na gizani utaonekana unametameta mahali pasipostahili. Umeme huo ni wa maelfu ya volti, na mkono usiwe karibu.

Vali ya umeme, inayoitwa pia solenoidi, ni koili ya waya inayogeuka sumaku inapopata umeme na kunyanyua kizibo cha gesi. Ncha ya bisibisi ikisogezwa juu ya koili wakati wa jaribio huvutwa kidogo ikiwa koili inafanya kazi. Umeme wa gridi Tanzania ni wa volti 230, lakini mwisho wa laini ndefu, saa za jioni ambapo kila nyumba imewasha taa na televisheni, volti huweza kushuka hadi koili ikakosa nguvu ya kunyanyua, na mashine inayokataa saa moja usiku huwaka bila neno saa nne asubuhi. Mita ya umeme ya fundi husema hilo kwa dakika moja.

Hatua ya kuuona moto ndiyo inayowachosha hata mafundi wazuri. Mashine ndogo na za zamani hutumia themokapo, ncha ya metali mbili iliyozama kwenye mwali na kuzalisha umeme mdogo, milivolti 20 hadi 30 ikiwa nzima na imepata joto, unaoshikilia vali isijifunge. Anayewasha mashine hiyo hana budi kushikilia kitufe kwa sekunde 20 hadi 30, na wengi huachia baada ya kumi. Ikiwa moto hufa kila kitufe kinapoachiwa hata baada ya nusu dakika, ncha isafishwe, isogezwe hadi mwali uifunike kama sentimita moja, na nati yake kwenye vali ikazwe kwa vidole na robo ya mzunguko wa spana. Isipobadilika, inunuliwe nyingine, na ni kipuri cha bei nafuu.

Mashine mpya hutumia fimbo ya chuma iliyosimama ndani ya mwali. Mwali hupitisha umeme, kidogo sana, kiasi cha sehemu chache za milioni za ampia, nao hutoka kwenye fimbo, huvuka moto hadi kwenye mwili wa kichomeo, na hurudi kisandukuni kwa njia ya waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Fimbo ikivikwa masizi au utando mweupe, umeme huo hukatika. Kipande cha msasa laini huirudisha. Lakini fimbo ikiwa safi na moto ukiwa mzuri, na bado kisanduku kikajifunga kila baada ya sekunde chache, basi njia ya kurudi ndiyo iliyovunjika, na Msowero njia hiyo huvunjika kwa namna mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni jenereta. Umeme wa TANESCO una waya wa nyutro uliounganishwa na ardhi kwenye transfoma. Jenereta ndogo nyingi, na baadhi ya inveta za sola, hazina muungano huo, na nyutro yake inaelea bila kugusa ardhi popote. Taa huwaka, feni huzunguka, cheche hulia, moto hushika, na kisanduku hakiuoni. Mwenye mashine hubadilisha fimbo, hubadilisha kisanduku, hubadilisha hata vali, na tatizo hutoweka lenyewe siku umeme wa gridi unaporudi. Ya pili ni plagi. Mashine kutoka Uturuki na nchi nyingi za Ulaya huja na plagi ya pini mbili za duara inayoweza kuingia upande wowote, nayo ikichomekwa kwenye adapta hubahatisha kati ya waya wa moto na nyutro, na visanduku vingi havikubali nyaya hizo zikibadilishana nafasi. Kuchomoa plagi, kuigeuza na kuirudisha ni jaribio lisilo na gharama, na linapaswa kutangulia ununuzi wowote. Suluhisho la jenereta, ambalo ni kuunganisha nyutro na athi mahali pamoja na kuweka swichi halali ya kubadilishia umeme, ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, kwa kuwa muungano uliofanywa mahali pawili huweza kuutia umeme mwili mzima wa mashine.

Ipo dawa moja ambayo mafundi wa haraka huitoa kwa kila ugonjwa uliotajwa: kukata nyaya mbili za swichi inayokataa na kuzifunga pamoja ili kisanduku kidhani kila kitu ni shwari. Mashine huwaka, mteja hulipa, fundi huondoka. Kilichofungwa ni kinywa cha mlinzi, na hewa ambayo haikuwa ikipita bado haipiti. Swichi ya hewa iliyozibwa mdomo huruhusu gesi kuingia kwenye chumba kisichovutwa moshi, na gesi inayoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu wala rangi inayoua watu waliofunga milango kwa sababu ya upepo. Anayenunua mashine iliyotumika afungue kisanduku na kutafuta nyaya zilizofungwa kwa njia hiyo kabla hajauliza bei. Fundi anaweza kuruka swichi kwa nusu dakika ili kuthibitisha kuwa ndiyo yenye kosa, gesi ikiwa imefungwa mtungini, kisha akairudisha mbele ya macho ya mwenye mashine.

Wilaya ya Kilosa inayajua maji. Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kukata hata reli ya kati. Mashine iliyofikiwa na maji ya namna hiyo haikaushwi juani na kuwashwa. Regulata, vali ya umeme, swichi ya hewa na kisanduku chake hubadilishwa, kwa kuwa tope laini lililokauka ndani ya vali huizuia isifunge sawasawa, na vali isiyofunga ni mbaya kuliko isiyofungua.

Kichomeo huweza pia kuzimika kahawa ikiwa pipani, na hapo uchunguzi husubiri. Pipa lisisimamishwe: mbegu zilizotulia juu ya chuma cha moto huungua upande mmoja na huweza kushika moto. Kama kahawa haijafikia mlipuko wa kwanza, ule mlio wa mbegu kupasuka unaosikika kwenye nyuzi joto 196 hivi, na moto ukarudi ndani ya dakika moja, mkaango huweza kuokolewa kwa hasara ndogo ya ladha. Zikipita dakika mbili, kahawa imwagwe kwenye sinia ya kupozea, kwa maana joto linaloshuka kisha kupanda upya huioka badala ya kuikaanga, na kikombe chake huwa bapa, chenye ladha ya mkate mkavu. Umeme ukikatika kabisa, mlango wa pipa ufunguliwe mara moja na pipa lizungushwe kwa mkono uliovaa glovu hadi mbegu ya mwisho itoke. Mashine nyingi zina tundu la mpini kwa kazi hiyo, na mpini huo utundikwe ukutani palepale, usiwekwe stoo.

Baada ya hitilafu kupatikana na kurekebishwa, mashine iwashwe pipa likiwa tupu na kuzimwa mara tatu, pakiachwa dakika mbili kati ya mara moja na nyingine, na sekunde za kila hatua ziandikwe tena kando ya zile za zamani. Moto utazamwe kidirishani: wa buluu, uliotulia kwenye matundu, wenye ncha fupi za ndani zilizo wazi. Povu la sabuni lipakwe upya kwenye kila ungio lililoguswa, regulata, mpira na vali, na lisubiriwe hadi likauke lenyewe bila kutoa hata kiputo kimoja, ndipo buni ya kwanza imiminwe.